Nondo mdogo wa kahawia anayeharibu mahindi: jinsi ya kumtambua, alikotoka na unachoweza kufanya

Kama umepanda mahindi, hata kama ni mistari michache tu nyuma ya nyumba, makala haya yanakuhusu. Yanakuhusu wewe mkimbizi unayelima kipande ulichopewa, na yanakuhusu wewe mwenyeji ambaye shamba lako limepakana na makazi.

Huenda hili limewahi kukupata. Mahindi yameota vizuri, yamefika magotini, majani ni ya kijani. Unakaa wiki moja bila kufika shambani. Ukirudi unakuta majani yametoboka na kuchanika, na katikati ya mmea kumejaa uchafu unaofanana na unga wa mbao uliolowa. Wengi wetu tunaanza kupambana siku hiyo. Lakini kazi ya kuharibu ilianza zaidi ya wiki moja kabla, usiku, pale nondo mmoja mdogo wa rangi ya kahawia alipotua kwenye jani, akataga mayai, akaondoka zake.

Wakati mgao wa chakula unapopungua, kile kipande cha mahindi ndicho kinachojazia sufuria. Ndiyo maana inafaa kumjua mdudu huyu kabla hajafika hatua ya kuharibu.

Kwa ufupi

- Nondo huyu ndiye mzazi wa kiwavi anayeitwa kiwavijeshi vamizi.
- Hakuletwa na wakimbizi wala na wenyeji. Amesambaa karibu Afrika nzima kwa kuruka.
- Ni rahisi kumwangamiza akiwa yai au kiwavi mdogo. Akishakuwa mkubwa, hata dawa humshinda kwa shida.
- Kagua shamba lako mara mbili kwa wiki, kuanzia mahindi yanapochipua.
- Usiyang'oe mahindi yaliyoliwa majani. Mengi hupona.

Nondo huyu ni nani?

Nondo ni ndugu wa kipepeo, ila yeye huruka usiku. Huyu tunayemzungumzia, wataalamu wanamwita kwa jina la kisayansi *Spodoptera frugiperda*. Kwa Kiswahili amezoeleka kwa jina la mtoto wake, yaani kiwavijeshi vamizi. Wameongeza neno "vamizi" kwa sababu ni mgeni katika Afrika, na ili asichanganywe na kiwavijeshi wa zamani ambaye wazee wetu walimjua.

Nondo mwenyewe hali mahindi. Hunyonya maji matamu ya maua tu, na huishi siku 10 hivi, wakati mwingine hadi wiki tatu. Anayekula mahindi ni kiwavi anayetoka kwenye mayai yake. Kwa hiyo ukimwona nondo, hujaona hasara bado. Umepata taarifa tu kwamba hasara inaweza kuja.

Anaonekanaje?

Ni mdogo. Ukimpanua mabawa yote mawili, upana wake ni kati ya sentimita 3 na 4, karibu na urefu wa kidole gumba kutoka kwenye ukucha hadi kiungo cha katikati. Akitulia hukunja mabawa juu ya mgongo kama paa la nyumba.

Dume na jike hawafanani kabisa:

- Dume ana mabawa ya mbele yenye mchanganyiko wa kijivu na kahawia, kama gome la mti. Karibu na ncha ya bawa ana doa jeupe lenye umbo la pembetatu, na katikati ya bawa ana doa jingine la rangi hafifu.
- Jike ana mabawa ya mbele ya kahawia inayoelekea kijivu, bila madoa yanayoonekana wazi. Ni rahisi kumpita bila kumtambua.
- Wote wawili wana mabawa ya nyuma meupe yanayong'aa kama fedha, yenye ukingo mwembamba wa rangi nyeusi. Mabawa hayo hufunikwa na yale ya mbele, kwa hiyo hayaonekani mpaka nondo aruke au umfungue.

Mchana hujificha kwenye majani na nyasi. Jioni yenye joto na unyevu ndiyo saa yake ya kazi. Unaweza kumwona karibu na taa ya sola, lakini usihukumu kwa kuangalia taani tu, kwa sababu nondo wa kahawia ni wengi na wengi wao hawana madhara kwa mahindi. Ushahidi wa uhakika uko shambani, kwenye mayai na viwavi.

Jambo jingine: ukifungua gunia la mahindi makavu na nondo wadogo wakaruka usoni, hao si hawa. Hao ni nondo wa ghalani. Ni wadogo zaidi, rangi yao ni kama ya majani makavu, na kiwavi wao huishi ndani ya punje. Njia za kupambana nao ni tofauti, hasa kukausha nafaka vizuri na kuihifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa.

Mayai yake yakoje?

Jike hutaga mayai kwa mafungu. Fungu moja huwa na mayai 100 hadi 200, wakati mwingine zaidi, na katika maisha yake jike mmoja anaweza kutaga mayai 1,500 au zaidi. Mara nyingi huyaweka upande wa chini wa jani, karibu na shina.

Fungu hilo hufunikwa na kitu kama pamba chafu au ukungu wa kijivu. Ni magamba laini ambayo nondo huyatoa mwilini mwake. Watoto wengi wanaweza kufundishwa kuliona, kwa sababu jani la kijani likiwa na kidoa cha pamba ya kijivu hujitangaza lenyewe. Katika hali ya joto mayai huanguliwa baada ya siku mbili au tatu. Ukilibonyeza fungu moja kati ya vidole viwili kabla ya hapo, umeua viwavi zaidi ya mia kwa mara moja, bila kutumia hata shilingi.

Nitamjuaje kiwavi wake?

Anapotoka kwenye yai ni mdogo sana, kama kipande cha uzi. Viwavi wachanga hukwangua jani upande mmoja na kuacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Jani huonekana kama lina vidirisha vidogo. Hiyo ndiyo dalili ya mapema kuliko zote.

Kisha hutawanyika. Wengine huning'inia kwa uzi mwembamba na kupeperushwa na upepo hadi mmea wa jirani. Wakikua huingia kwenye moyo wa mmea, pale katikati ambapo majani mapya yanachomoza, na kujificha humo. Hapo utaona matundu makubwa yenye kingo zilizochanika, na kinyesi kingi kama unga wa mbao. Kwa kawaida utakuta kiwavi mmoja tu mkubwa kwenye moyo wa mmea, maana viwavi hawa hulana wenyewe kwa wenyewe.

Kiwavi mkubwa ana urefu wa sentimita 3 hadi 4. Rangi yake hubadilika: anaweza kuwa wa kijani, kahawia au karibu na nyeusi. Kwa hiyo usiangalie rangi. Angalia alama hizi mbili:

1. Kichwani ana mstari wa rangi hafifu unaofanana na herufi Y iliyopinduliwa.
2. Karibu na mkia, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne za mraba.

Ukiona alama zote mbili, ni yeye.

Je, anaweza kuchanganywa na wadudu wengine?

Ndiyo, hasa na wawili hawa.

*Kiwavijeshi wa Afrika* ni wa asili ya bara letu. Huja kwa makundi makubwa, kwa kawaida mvua zinapoanza, na makundi hayo hutembea chini kutoka shamba hadi shamba yakila nyasi na nafaka. Halafu hutoweka, na anaweza asionekane tena kwa miaka. Kiwavijeshi vamizi hatembei kwa kundi namna hiyo. Hukaa kwenye mmea wake, na yupo kila msimu.

*Funza wa mabua* hutoboa bua na kuishi ndani yake. Mmea ulioliwa na funza huyu mara nyingi hukauka jani la katikati, na ukilivuta linatoka. Pasua bua uone. Ukikuta njia iliyochimbwa ndani ya bua na kiwavi mwenye rangi ya maziwa au ya waridi hafifu, huyo ni funza wa mabua.

Tofauti hizi zina maana. Anayemdhania kuwa kiwavijeshi wa zamani anaweza kusema, "Atapita tu," akasubiri. Huyu hapiti.

Alitoka wapi, na amefika wapi?

Kwao ni Amerika, kwenye maeneo ya joto. Wataalamu walimwandika kitabuni mwaka 1797 kutokana na wadudu waliokusanywa jimbo la Georgia, Marekani. Huko hawezi kuishi mahali penye baridi ya kugandisha maji. Wakati wa baridi hubaki kusini, kama Florida na Texas, na kila joto linaporudi huruka kuelekea kaskazini hadi kufika Kanada.

Afrika alitambuliwa mwanzoni mwa mwaka 2016, upande wa magharibi: Nigeria, Benin, Togo na São Tomé. Kutoka hapo hakuchelewa. Kufikia mwisho wa mwaka 2017 alikuwa ameshathibitishwa Kongo, Uganda, Rwanda, Burundi, Kenya, Tanzania na Sudan Kusini. Nchini Rwanda, mwaka 2017, hata wanajeshi walipelekwa mashambani kusaidia wakulima kuokota viwavi kwa mikono. Mwaka 2018 alikuwa katika nchi zaidi ya 40 za Afrika, na mwaka huohuo akaonekana India. Mwaka 2019 alifika China, na mwaka 2020 Australia.

Aliwezaje kusambaa haraka hivyo? Kwa sababu nondo huyu ni mrukaji hodari. Akibebwa na upepo anaweza kwenda kilomita 100 kwa usiku mmoja, na jike anaweza kwenda mbali zaidi kwa siku kadhaa kabla ya kutaga. Mpaka wa nchi kwake si kitu. Umbali wa Bunia hadi Uganda, au wa Kigoma hadi Burundi, kwake ni safari ya usiku mmoja au miwili.

Na kwa nini hajaondoka? Kwa sababu huku kwetu hakuna baridi ya kumuua. Sehemu nyingi za ukanda wetu zina misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na mabondeni watu hulima hata wakati wa kiangazi. Mahindi yakikosekana, hula mtama, ulezi, mpunga, miwa na nyasi za malisho. Kwa hiyo mwaka mzima ana chakula, na mwaka mzima anazaana. Ni vyema tumhesabu kuwa mdudu wa kudumu.

Je, aliletwa na wakimbizi, au na mbegu za msaada?

Hapana. Ni muhimu jambo hili lieleweke, kwa sababu maneno ya aina hiyo yanavunja ujirani.

Nondo huyu hutaga mayai kwenye majani mabichi. Hatagi kwenye mbegu kavu iliyofungwa kwenye mfuko. Kwa hiyo mbegu uliyogawiwa, au uliyonunua dukani, haibebi kiwavijeshi vamizi. Pia hakufuata msafara wa watu. Alionekana katika mashamba makubwa ya wafanyabiashara, katika vijiji ambavyo havijawahi kupokea mkimbizi hata mmoja, na katika nchi zilizo mbali kabisa na vita.

Mkimbizi akimwambia mwenyeji, "Viwavi wanatoka kwenye shamba lako," na mwenyeji akajibu, "Mmekuja nao," wote wawili wanapoteza muda. Nondo anayetaga leo kwa mmoja, watoto wake wakikua wataruka na kutaga kwa mwingine.

Maisha yake yanachukua siku ngapi?

Katika maeneo ya joto, mzunguko mzima huchukua karibu mwezi mmoja. Katika milima yenye baridi huchukua muda mrefu zaidi. Kwa makadirio ya maeneo ya joto:

- Yai: siku 2 hadi 3.
- Kiwavi: wiki 2 hadi 3. Sehemu kubwa ya chakula chake hukila siku za mwisho, akiwa tayari mkubwa.
- Pupa: siku 8 hadi 14. Kiwavi huanguka chini, hujifukia sentimita chache kwenye udongo, na kugeuka kitu kigumu chenye rangi ya kahawia nyekundu.
- Nondo: hutoka ardhini usiku, hupandana, huruka na kuanza kutaga.

Hesabu hii ndiyo inayokuambia wakati wa kuchukua hatua. Una siku mbili au tatu za kuharibu mayai, kisha wiki moja hivi ya kuua viwavi wangali wadogo na wako wazi. Baada ya hapo kiwavi yuko ndani ya moyo wa mmea, amejifunika kwa kinyesi chake, na hata dawa ya dukani haimfikii vizuri.

Nikague shamba langu vipi?

Anza mara mahindi yanapochipua, na ukague mara mbili kwa wiki. Asubuhi mapema ni wakati mzuri, kabla jua halijawa kali na viwavi hawajashuka chini ya moyo wa mmea.

1. Usikague mistari ya pembeni peke yake. Ingia shambani na utembee kwa kupinda kama herufi W.
2. Simama mahali patano. Kila mahali, angalia mimea 10 iliyofuatana.
3. Kwa kila mmea, geuza majani utafute mayai, tafuta vidirisha kwenye majani, kisha fungua moyo wa mmea uangalie kinyesi kibichi na kiwavi.
4. Hesabu mimea yenye dalili mpya. Matundu ya zamani kwenye majani ya chini usiyahesabu. Jani bovu halirudi kuwa zima hata kiwavi akishakufa.

Mahindi yakiwa machanga na ukakuta dalili mpya kwenye mimea 2 au zaidi katika kila 10, inakupasa kuchukua hatua shamba zima. Yakiwa makubwa lakini hayajatoa mbelewele, yanaweza kuvumilia zaidi, hadi mimea 4 katika kila 10. Chini ya hapo, kuokota kwa mkono kunatosha.

Kama kipande chako ni kidogo, usihangaike na herufi W. Kagua mmea mmoja mmoja. Kwa shamba la mita 30 kwa 30, mtu akisaidiwa na wengine wa nyumbani anaweza kulimaliza asubuhi moja.

Nifanye nini kama sina fedha ya dawa?

Njia nyingi zinazofaa hazihitaji fedha. Zinahitaji macho na kurudia mara kwa mara.

- Ponda mayai na viwavi wadogo kwa vidole. Viwavi wakubwa waokote uwatie kwenye kopo lenye maji ya sabuni. Unaweza pia kuwapa kuku, mradi shamba halijapuliziwa dawa.
- Tia udongo laini, mchanga au majivu kidogo kwenye moyo wa mmea wenye kiwavi. Wakulima wadogo wa Amerika ya Kati wamefanya hivi kwa miaka mingi, na wengi wa Afrika pia. Si kinga ya uhakika, lakini haina sumu na haina gharama.
- Panda mapema, na mpande pamoja. Mahindi yanayopandwa wiki nyingi baada ya ya wengine ndiyo hushambuliwa zaidi, kwa sababu wakati huo nondo waliokulia kwenye mashamba ya kwanza tayari ni wengi.
- Changanya mazao. Panda maharage au kunde katikati ya mahindi. Mchanganyiko humtatiza nondo anayetafuta mahali pa kutaga, na huwapa makazi wadudu wanaomla. Pia, kama mahindi yatapungua, hutabaki mikono mitupu.
- Lisha udongo. Mmea wenye nguvu hupona haraka. Samadi, mboji na palizi ya mapema ni sehemu ya vita hivi.
- Waache wasaidizi wako waishi. Sisimizi, buibui, ndege, na nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya mayai na miili ya viwavi hawa, wote wanakufanyia kazi bila malipo. Dawa kali huwaua wao kwanza.

Kuna pia njia iitwayo *sukuma-vuta*, iliyoendelezwa nchini Kenya na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe pamoja na washirika wake. Unapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, na harufu yake humfukuza nondo. Pembeni unazungushia nyasi za malisho kama brakiaria, ambazo humvuta kutoka nje. Watafiti waliolinganisha mashamba katika Kenya, Uganda na Tanzania waliripoti mwaka 2018 kwamba viwavi kwa kila mmea walipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Inahitaji kipande cha kutosha na subira ya msimu wa kwanza, lakini inakupa malisho ya mifugo na hupunguza gugu la kiduha pia.

Na nikitaka kutumia dawa?

Kwanza zungumza na bwana shamba au bibi shamba. Dawa zilizoruhusiwa hutofautiana kati ya nchi na nchi, na dawa iliyovushwa mpakani kwenye chupa isiyo na karatasi ya maelezo ni hatari. Ukiamua kutumia:

- Piga viwavi wakiwa wadogo, asubuhi mapema au jioni, na uelekeze dawa kwenye moyo wa mmea.
- Fuata kipimo kilichoandikwa. Kuzidisha hakuui zaidi, na kutumia dawa ileile kila mara huwafanya wadudu waizoee.
- Usichanganye dawa na sabuni ya unga, mafuta ya taa au dawa nyingine kwa kusikia kwa watu.
- Vaa mikono mirefu, suruali, viatu vilivyofunika mguu, glavu na kitambaa puani. Usipulize kuelekea upepo unakotoka.
- Watoto na wajawazito wakae mbali. Usiweke dawa kwenye chupa ya soda au ya maji.
- Kopo lililoisha litoboe ili lisitumike tena kuchotea maji.
- Soma ni siku ngapi unatakiwa kusubiri kabla ya kuvuna au kula mahindi mabichi.

Mtu akiumwa kichwa, akitapika, akitokwa na mate mengi au macho yakififia baada ya kupuliza, mvue nguo zilizolowa, muoshe kwa maji mengi na sabuni, na mpeleke kituo cha afya mara moja. Beba kopo la dawa ili mhudumu alione.

Mahindi yangu yameshaliwa. Je, niyang'oe?

Usiharakishe. Shamba lililoliwa majani huonekana baya kuliko lilivyo. Kama moyo wa mmea bado unatoa majani mapya ya kijani, mmea unaendelea kuishi na unaweza kuzaa.

Hesabu za wataalamu zinaonyesha hivyo pia. Mwaka 2017 shirika la CABI lilikadiria kwamba nchi 12 za Afrika zinazolima mahindi zingeweza kupoteza kati ya tani milioni 8.3 na 20.6 kwa mwaka kama hakuna kinachofanyika. Hiyo ni hasara kubwa sana. Lakini watafiti waliopima mashamba ya wakulima wadogo mashariki mwa Zimbabwe, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2019, walikuta upungufu wa mavuno wa karibu asilimia 12. Hasara ipo na inauma, lakini si lazima shamba lote lipotee.

Hatari zaidi ni kiwavi anapoingia kwenye hindi lenyewe. Tundu lake hufungulia njia maji na kuvu. Ukivuna, tenga mahindi yaliyotobolewa, kausha vizuri, na tupa punje zenye ukungu. Punje hizo zinaweza kuwa na sumukuvu, na kupika hakuiondoi.

Nani anaweza kunisaidia?

Anza na bwana shamba au bibi shamba wa eneo lako, ofisi ya kilimo ya wilaya, au shirika linalosimamia kilimo na maisha katika makazi yenu. Huna haja ya kwenda na hadithi ndefu. Nenda na vitu hivi:

- kiwavi mmoja au wawili kwenye chupa, au picha inayoonyesha kichwa na mkia;
- tarehe uliyopanda na urefu wa mahindi kwa sasa;
- idadi ya mimea yenye dalili mpya katika kila 10;
- ulichokwisha kufanya, na jina la dawa kama ulitumia.

Kabla ya kwenda, pitia kwa jirani zako kwanza, wa upande huu na wa upande ule wa njia. Kubalianeni siku mbili za wiki ambazo wote mtakuwa mashambani asubuhi mkikagua. Kubalianeni pia wiki ya kupanda msimu ujao. Mtu mmoja akisafisha shamba lake na majirani watano wakaacha, baada ya mwezi nondo watarudi kwake. Wote sita wakikagua asubuhi ileile, nondo watakaorudi ni wachache.

Leo jioni waonyeshe watoto picha ya madoa manne na herufi Y iliyopinduliwa. Kesho asubuhi ingieni nao shambani, mgeuze majani, mtafute ile pamba ya kijivu.